Shamba Zuri la Baba Evarist

Jumatatu, 13 Mei 1996
Pampu imegoma tena. Tumemwagilia kitalu kwa ndoo. Mgongo wangu haufai. Basi la Inyonga limeshusha akina mama waliokuja kuchukua miche ya michungwa ya kubebesha, iliyounganishwa kwenye shina la mlimao. Wamemletea Dokta Lwitiko, mkuu wetu, asali. Kakataa, wakamwachia kwa nguvu. Ataila na chapati wiki nzima, namjua.

Nikikumbuka kituo hiki cha utafiti kilivyoanza nacheka peke yangu. Chumba cha kuazima kwenye ghala la tumbaku, meza ya mguu mbovu, na Dokta anaotesha miche kwenye makopo ya maziwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ilipomleta Mpanda wenzake walidhani kapewa adhabu. Leo tuna kitalu chenye kivuli, maembe, vitunguu vya majaribio, mbegu za mchicha zinazogombaniwa. Watu wanatoka Sibwesa kwa baiskeli. Najivunia. Sioni haya kuandika hivyo.

Alhamisi, 23 Mei
Magamba, kwa Baba Evarist. Jaribio letu kubwa la mwaka liko kwake. Mnyauko umemaliza nyanya za wilaya hii. Mche unachanua leo, kesho umelala kama umemwagiwa maji ya moto, na dawa hakuna. Taasisi imetuletea aina mpya za mbegu. Tumezipanda mstari kwa mstari pamoja na nyanya za kienyeji, kwenye ardhi yenye ugonjwa, tuone ipi itasimama na ipi italala. Baba Evarist ndiye niliyemwomba kipande ambacho nyanya humfia. Akatupa bila kusita.

Leo shamba lote kijani! Aina mpya zote zimesimama. Nimeruka kama mtoto. Mama Evarist katupikia kande, nikala sahani mbili.

Jumatano, 12 Juni
Leo Dokta kaja mwenyewe kuona. Hakuruka. Kapita mistari ya nyanya za kienyeji, karudi, kapita tena. Njia nzima ya kurudi anaendesha, macho barabarani. Mimi domo kaya, naongea tu: kamati ya makao makuu inakuja mwezi ujao kuamua kama kituo kibaki au kifungwe, na sisi tuna shamba kama lile, nani atathubutu kutufunga?

Tulipofika kaniuliza kitu kimoja. Mbona za kienyeji nazo hazijafa?

Nikaenda kufungua daftari la jaribio.

Alhamisi, 13 Juni
Usingizi haba. Za kienyeji zilipaswa kufa. Kama hazikufa, hatujui kama zile mpya zina nguvu au hazijakutana na ugonjwa kabisa. Mtu hasifiwi kwa kuogelea kwenye karai. Msimu mzima umekwenda bure.

Ijumaa, 14 Juni
Tumerudi Magamba. Nilikwenda nimejaa maneno. Dokta akanizuia kwa macho, akakaa kwenye gogo, akaulizia watoto, mavuno, nguruwe pori. Mazungumzo yalipokolea ndipo akamwomba Baba Evarist, taratibu kabisa, amwoneshe mahali nyanya zinapokufa kwelikweli.

Baba Evarist akatazama chini. Mkewe ndiye aliyejibu. "Sasa nyie mnakuja na gari la serikali, majirani wote wanaangalia, tuwapeleke pale pabovu? Sisi Wapimbwe hatufanyi hivyo. Mgeni anapewa pazuri."

Kumbe tulipewa pori jipya, ambalo ugonjwa haujaingia. Baba Evarist alilifyeka mwaka jana kwa ajili yake mwenyewe, akajinyima, akatupa sisi. Utamgombeza vipi mtu aliyekupa shamba lake bora? Pale pabovu pako nyuma ya nyumba. Wamepazungushia matete ili wapita njia wasione nyanya zilizokauka. Kwao ni aibu, shamba bovu ni kama mtoto asiyeoga. Nimekasirika na nimempenda yule mama, vyote kwa mpigo.

Dokta aliwashukuru. Aliwashukuru! Kisha akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 1 Julai
Nimegombana na Dokta. Nimemwambia tunyamaze. Kamati ije, ione kijani, ionje nyanya, iondoke. Ukweli tutautafuta msimu ujao, kituo kikiwa bado kipo. Mwaka huu wanapunguza watu kila ofisi. Tukifungwa mimi narudi Sumbawanga kwa kaka yangu, kuwa shangazi wa jikoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mkulima wa Sibwesa akipanda mbegu hii kwa neno letu, ikamfia, hatatuamini tena hata tukimwambia jua linawaka. Basi. Akarudi kwenye miche yake.

Nimemchukia mpaka jioni. Kasema kweli. Ndiyo maana nimemchukia.

Jumatano, 3 Julai
Kamati imekuja. Mkubwa wao, bwana mnene mcheshi, kalipenda shamba. Kapigwa picha kashika nyanya, Baba Evarist kando yake kavaa koti la harusi. Nikaona mambo yanajipanga yenyewe. Nikaanza kuomba Mungu Dokta apoteze sauti.

Hakuipoteza. Alisema: "Shamba ni zuri. Jaribio ni bovu." Akaeleza kila kitu. Lawama akajitwika yeye, kwamba hakupima udongo kabla ya kupanda. Baba Evarist hakumtaja hata mara moja. Alisema tu kwamba wenyeji walitupa ardhi nzuri kuliko tuliyostahili.

Yule bwana akaacha kucheka. Wengine wakatazamana. Waliondoka kabla ya chakula, na Mama Evarist alikuwa ameshachinja kuku.

Sijawahi kumwona mtu akijichongea kaburi vizuri namna ile. Na sijawahi kumheshimu mtu hivi.

Ijumaa, 12 Julai
Hakuna habari. Dokta anabebesha maembe kama mtu mwenye miaka kumi mbele yake. Mimi nafagia palipofagiliwa.

Jumatatu, 22 Julai
Tumeitwa kwenye redio ya upepo, ofisi ya wilaya. Sauti inakwaruza, inapotea, inarudi. Nilichosikia: msimu mmoja. Mwisho wa mwaka tuwe na jibu la mnyauko, la sivyo kituo kinafungwa. Yule bwana mnene ndiye aliyetutetea, eti. Alisema anataka angalau kituo kimoja ambacho taarifa zake hazihitaji kuchambuliwa kama mchele.

Nililia kwenye korido. Dokta alijifanya anasoma matangazo ukutani.

Jumamosi, 17 Agosti
Tumepanda pale pabovu. Safari hii udongo umepimwa. Matete yalikuwa yanazuia jua, ikabidi yaondolewe. Mama Evarist alikubali kwa shingo upande, akaingia ndani, hakutoka mpaka tulipomaliza. Baba Evarist alichimba mashimo bila kuinua kichwa. Barabara ya Magamba inapita pale pale.

Jumanne, 8 Oktoba
Zimeanza kulala! Mstari wa kwanza wa kienyeji, majani mabichi yananing'inia. Dokta kakata shina, kalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Tukasubiri. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa. Mnyauko wenyewe. Nilipiga kigelegele.

Nilipogeuka nikamwona Mama Evarist mlangoni, kashika shavu. Miche yake inakufa barabarani kweupe na mimi nacheka. Furaha ikanikauka. Nikamfuata, nikamwonesha glasi, nikamweleza adui ndiye huyu, ndani ya shina, si uvivu wa mtu. Aliitazama muda mrefu. Aliondoka na glasi yangu.

Ijumaa, 25 Oktoba
Aina mpya nazo zinaanguka. Moja baada ya nyingine. Zile nilizozirukia mwezi wa tano! Ingekuwa tumezigawa, sijui ningepita wapi mji huu. Imebaki moja tu, ile ya matunda madogo ambayo hakuna aliyeijali. Naogopa kuiandika.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya misa nimekwenda Magamba peke yangu. Hakuna aliyenituma.

Kulinyesha alfajiri. Za kienyeji zote zimekauka, tumewaomba wasizing'oe mpaka tumalize. Ile ya matunda madogo imesimama, mstari mzima, inaiva. Jana Dokta katoa taarifa kwa redio. Alirudi akasema tunabaki, kisha akauliza kama pampu imepona.

Nilifika nikasimama kando ya mgomba kwa sababu Mama Evarist alikuwa na watu. Wanawake wametoka kanisani, vitenge vizuri, wamesimama barabarani wanatazama ile miche iliyokufa, na mmoja anacheka kwa chini. Nikadhani ataingia ndani.

Akawaita. "Hapa ndipo nyanya zetu zinapokufa," alisema, sauti ya kawaida kabisa. "Piteni, piteni muone. Mvue tu viatu, kuna tope."

Wakavua viatu. Wakaingia.