Dada, Usiikimbie Sumaku

Dada yangu, malkia wa blanketi,

Ni mimi, hensamu wa Tunduma, niliyeishia darasa la saba lakini madereva wa malori ninaowatengenezea redio wananiita injinia. Naandika hadharani ili wenye ndugu mgonjwa wa sonona nao wasome. Usinune.

Unakumbuka msimu ule wa kahawa kwetu Mbozi? Watu wote wako kwenye vichanja wanaanika, wewe umelala umegeukia ukuta. Nikasema mbele ya majirani kwamba unadeka. Wakacheka, nikajiona mjanja. Nisamehe. Sikujua kwamba hata kunyanyua kikombe cha chai kulikuwa kunakushinda.

Vidonge vilipokataa, daktari akasema kuna tiba ya sumaku ya kichwani, ila iko mbali. Mbali ya nini, na injinia nipo? Nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikakubandika kwenye paji la uso.

"We mjinga, toa hilo dude, linanuka grisi!" ukasema, ukacheka. Mama akaja mbio, akidhani unalia. Kicheko chako alishakisahau.

Sasa uko kwa mama mdogo, Afrika Kusini, unapata sumaku yenyewe. Ulinieleza: unavua hereni, unakaa kwenye kiti macho wazi, mashine inakugonga kichwani ta-ta-ta kama ndege kigogota anayetoboa mti, kisha unarudi nyumbani kwa miguu yako. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Mimi ningewaomba waniongezee na akili, ingawa yangu tayari imezidi.

Jana ukapiga simu: "Mdogo wangu, wiki ya pili imeisha, sioni tofauti. Nitafutie lori nirudi."

Dada, malori nayajua yote. Simu moja tu, wiki hii hii uko hapa mpakani Tunduma. Na nakumisi, sifichi. Nyumbani hakuna wa kunitukana vizuri. Najua pia daktari hajakuahidi kupona, kasema wengine huchelewa kupata nafuu, wengine hawaipati. Lakini juzi uliniuliza kama mbuzi amezaa. Mwaka mzima hukuwahi kuuliza kitu. Amezaa, mapacha.

Kwa hiyo nimepita kwenye foleni ya malori, dereva mmoja mmoja, nawaonyesha picha yako: "Huyu akiwaomba lifti, mnyimeni."

Nichukie ukipenda. Kesho nenda ukakae kwenye kile kiti.

Wako wa kukusumbua,
Mdogo wako, kitinda mimba