Neno Alilosema Kisilu

Kitui,
9 Novemba 1986.

Kwa dada yangu mpendwa Mbula,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mvua iliyotunyeshea huku juzi haikuwasahau ninyi wa Kalamba. Kunde zimeota? Mimi mwili ni mzima na viganja vimepona. Mengine nitayasema, ila usinikimbize, maana unajua mdogo wako hawezi kusema jambo zito bila kuzunguka kwanza.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba tangu tumzike Kisilu hujakanyaga kaburini kwake, kwamba una hasira na mumeo, mtu mzima aliyeshindwa kushika maneno mawili akakuachia watoto watatu. Niliisoma katika ofisi ya walimu, nikatoka nje nikalia.

Ngoja nikueleze ile kambi ya viongozi wa vijana ilivyokuwa. Kanisa lilimwalika Mwalimu Karanja atufundishe kuaminiana kwa kazi za kamba. Siku ya kwanza tulidhani ni mchezo wa watoto: unafumba macho, unajiangusha kinyumenyume, wenzako wanakudaka. Kisilu na ule mwili wake alituangusha watu sita, tukacheka hadi mchungaji naye akashindwa kujizuia. Kesho yake tulipelekwa mwambani. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini akimshikia kamba iliyomzunguka kiunoni. Karanja alituambia maneno ya kamba ni mawili tu: ukitaka ivutwe unasema kaza, ukitaka ilegezwe unasema legeza. Neno acha alilipiga marufuku, kwa kuwa ni kama lile neno letu la Kikamba, eka: wa juu anamaanisha koma, wa chini anaelewa achilia.

Kisilu alinichagua mimi nimshikie. Alisema mbele ya wote kwamba hakuna anayemwamini kama shemeji yake.

Unachojua ni kile nilichowaambia watu, kwamba alipokaribia kileleni aliingiwa na hofu, akapiga kelele acha, nami nikaachilia, akaanguka. Waliniamini, kwa sababu akina mama walikuwa wakiimba ng'ambo ya korongo na hakuna aliyesikia vizuri. Hata mazishini ilisemwa kwamba ulimi uliponza kichwa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikanyamaza.

Mbula, hakusema acha.

Nilitaka kumtania. Unaujua utani wetu. Nililegeza kamba kidogo ashtuke, akina mama wamcheke, kisha nimshike. Alishtuka kweli, akasema kaza. Mimi nilikuwa nacheka, mkono mmoja nimeuinua kuwapungia akina mama. Akasema tena, kaza, shemeji. Hapo akateleza, na kamba ikapita kiganjani ikiniunguza. Nilipoikamata kwa mkono wa pili alikuwa ameshafika chini. Vile vidonda ulivyovipaka mafuta huku ukilia, ukiniambia nisijilaumu kwa kuwa nilijaribu kumwokoa, nilivipata hivyo.

Mumeo alifuata kila alichofundishwa. Aliyekosa ni mimi, na aliyemsingizia marehemu ni mimi pia. Naumia, dada, na ninastahili.

Jumapili nitakuja Kalamba niyaseme haya mbele ya kanisa, na Karanja nimemwandikia. Nilitaka wewe uyajue kwanza, usije ukayasikia ukiwa umekaa katikati ya watu. Siombi unisamehe. Usipotaka nikanyage kwako, nitarudi Kitui bila kuuliza. Naomba tu uende kwa Kisilu, na usimkasirikie tena.

Wasalimie watoto. Mama mkwe wako naye umshike mkono kwa niaba yangu, ikiwa baada ya kusoma haya utaona inafaa. Sijui kama bado nina ruhusa ya kujiita hivi, lakini sina jina lingine la kutia hapa chini.

Ndugu yako,
Musembi