Mjomba Laurenti Alivyokula

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Posa imerudi. Mzee Bartholomeo, mshenga wangu, kashuka leo kutoka Nyandira kule mlimani na gari la kabichi, kaja moja kwa moja dukani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwamkia. Shikamoo ikaitikiwa nusu. Nikajua.

Anasema walimpokea vizuri. Baba yake Yustina, binti ninayemposa, hana neno, mama yake hana neno. Lakini kwa Waluguru binti ni wa mjomba, na mjomba ni mzee Laurenti. Huyo hakukataa wala hakukubali. Aliuliza tu mchumba anafanya kazi gani. Mzee Bartholomeo, kwa kutaka kunipamba, akajibu kwamba mimi ni fundi wa video hapa Msamvu, na hata kanda ya harusi ya Magreth, dada yake Yustina, niliitengeneza mimi kwa mkono wangu.

Mjomba akamrudishia barua ya posa ikiwa imefungwa vilevile, akasema: "Aliyenifanya kuku aje mwenyewe."

Mzee Bartholomeo ananiuliza maana yake nini. Nikamwambia sijui. Najua sana!

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike, labda kifua kitapungua.

Mwezi Juni, harusi ya Magreth, ukumbini hapa mjini. Kamera nilishika mimi. Wakati wa chakula nikamwona mzee mmoja wa mlimani, koti la mitumba limemzidi mabega, anakula pilau kwa mkono na kwa bidii. Sikumjua. Hata Yustina sikuwa namjua — nilimjua Julai, alipokuja kuchukua kaseti. Nikaona hapa pana kichekesho. Kwenye kompyuta nikavuta picha mpaka sura ya mzee ikajaa kioo, nikaongeza spidi, anakula chapuchapu, shingo mbele shingo nyuma, nikaweka na sauti ya kuku wanaodonoa. Halafu ile efekti nikainakili nikaibandika kwenye kila kipande chake. Keki inakatwa — kuku. Zawadi zinatolewa — kuku. Bosi Oscar alicheka mpaka akashika meza. Akasema sasa tunashindana na Dar.

Studio zimekuwa nyingi mjini. Kila mwenye kamera kafungua duka, na wateja wanataka vichekesho. Asiye na efekti anakufa njaa. Ndivyo nilivyokuwa najitetea. Leo utetezi wenyewe hauna chumvi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Yustina kaja jioni baada ya kufunga cherehani yake. Nikamwomba anieleze yote. Kaeleza huku anaangalia chini.

Kanda ile ilipanda mlimani mwezi wa nane. Ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video siku ya gulio, watu wakaomba irudiwe. Sasa mjomba akipita njiani watoto wanatikisa shingo, ko-ko-ko. Kwenye sala za jumuiya haendi. Msibani anazika, kisha anaondoka kabla sahani hazijatoka. Tangu Agosti hajala mbele ya watu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hata yeye alipoiona mara ya kwanza alicheka. Aliona haya.

Na kuna hili. Katika ukoo wao anayemkabidhi mwali hali kitu mpaka amkabidhi. Mjomba alipanda gari la mboga alfajiri bila hata chai, akakaa kanisani, akakaa kwenye picha, akakaa kwenye hotuba za watu wa Dar zisizoisha. Ile sahani ilikuwa ya kwanza tangu jana yake.

Mimi ni Mkaguru wa Gairo. Hata kwetu mjomba hachezewi. Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha! Siwezi kusema sikujua. Nilijua mjomba ni nani, sikujua tu kwamba yule mzee ni mjomba wa mtu. Kumbe kila mzee ni mjomba wa mtu. Aibu, aibu tupu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetoka Nyandira. Miguu inauma.

Nilikwenda na mzee Bartholomeo. Nikapiga magoti mlangoni, nikaomba radhi. Nilikuwa nimekariri maneno mengi, yakatoka mawili. Mjomba Laurenti hakufoka. Afadhali angefoka! Ni mtu mdogo wa umbo, mpole, anaongea kama anayehesabu miche. Aliniacha nimalize, akaniuliza kama ile mashine iliyomkimbiza inaweza kumrudisha alivyokuwa. Nikasema inaweza.

"Basi nirudishe," akasema. "Nataka kuona nilivyokula siku ile. Kama nilikula vile, nitanyamaza na binti nitakupa. Kama sikula vile, utawaonyesha walewale waliocheka. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Nikasema nitafanya. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, palepale kwenye kibanda cha video.

Hakutukaribisha chakula. Mkewe alitaka kuleta ndizi, akamzuia kwa macho.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kazi haiendi. Kuweka ilikuwa rahisi mno — nakili, bandika, nakili, bandika, nusu saa kuku wamejaa ukumbi mzima. Kuondoa ni kipande kimoja kimoja. Fungua, tafuta ile ya kuvuta picha, futa. Tafuta spidi, rudisha. Tafuta kuku, futa. Kipande kingine. Wengine nimewasahau nilikowaficha. Nadhani nimemaliza, nacheza kanda, mara ko-ko-ko wakati wa sala!

Nikasema nivichague vyote kwa pamoja nifute. Nikabonyeza. Vikaondoka vyote — si efekti, vipande vyenyewe. Mjomba hayumo tena harusini. Nikatazama kile kioo cheusi. Nikarudisha haraka.

Mbaya zaidi, kipande kikirudi spidi yake kinarefuka, kinasukuma vingine. Muziki unabaki nyuma. Maharusi wanakata keki kwa wimbo wa kuingilia.

Bosi Oscar ananung'unika. Kuna kipaimara cha watu wa Mikese kinasubiri, na mimi nakalia kompyuta kwa kazi iliyokwishalipwa. Nikamweleza kwa nini. Akacheka! Akasema mwambie mzee ashukuru, amekuwa staa bure. Mimi sikucheka. Ni mara ya kwanza sicheki na bosi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu. Mji umetulia, bosi hayupo, kompyuta yangu peke yangu.

Nimeipata. Ilikuwepo siku zote! Unachagua vipande vyote, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chini kabisa kuna amri ya kuondoa efekti zote kwa mara moja. Mwaka wa tatu natumia programu hii sijawahi kufika chini kule. Sikuwahi kuwa na haja ya kuondoa kitu.

Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, kuku kwisha.

Nikacheza. Mzee anakula polepole. Nilivuta picha nikamkata aliyekaa ubavuni pake, sasa picha imepanuka na yule mtu karudi. Bibi kizee, kajifunga kanga mbili, mdomo umeingia ndani, hana meno, macho na pua ni vya mzee mwenyewe. Mzee Laurenti anachambua nyama kwa vidole, anaitoa kwenye mfupa, anaiweka kwenye sahani ya bibi. Anachambua tena, anaweka. Mara moja moja ndipo anajitilia mwenyewe. Ule mkono uliokuwa ukienda kasi, kila mtu akadhani ni ulafi — nusu ya safari zake ulikuwa unamlisha mama yake.

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia dukani mchana kweupe, mlango wazi.

Lakini pia nilifurahi. Mjomba anashinda! Watu wataona. Na mimi nitapata mke wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefurahi mapema.

Leo nimerudisha sauti. Juni niliizima sauti ya ukumbini kwenye vipande vyote vya mzee, nikaweka muziki na kuku juu yake. Mjomba kasema nisiongeze nisipunguze, basi nikaondoa muziki nikafungua ya ukumbini. Vijiko, vigelegele, mtu anapima maiki.

Halafu sauti yangu. Karibu kabisa na kamera, safi kuliko sauti zote. Namwambia Godfrey aliyeshika taa: "Mmulike huyo babu. Leo ndio kaona nyama."

Na kicheko. Changu.

Sikukumbuka kabisa kama niliyasema. Naapa. Nimesikiliza tena na tena nikitumaini ni mtu mwingine. Ni mimi.

Na si hilo tu. Baada ya maneno yale mzee Laurenti anainua uso. Anaitazama kamera. Kipande cha nyama kipo vidoleni, anakirudisha kwenye sahani, anafuta mkono kwenye leso, anaisukuma sahani kwa bibi. Hali tena mpaka mwisho.

Kwenye ile kanda ya kuku hapo ndipo watu walipovunjika mbavu — shingo inavyoinuka ghafla, macho yametoka, kama kuku aliyesikia mwewe. Nakumbuka nilivyokirudia kipande hicho mara tatu kwa ajili ya kuchekesha.

Alinisikia. Siku ileile. Tena Jumamosi nilipopiga magoti nikafungua mdomo, lazima sauti aliitambua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetoa kaseti mbili. Moja iko kama ilivyokuwa, sauti na yote. Ya pili nimeweka muziki wa kwaya taratibu pale kwenye maneno yangu tu, sekunde chache. Picha ni zilezile. Mzee bado anamlisha mama yake, watu bado wataona. Nani atajua?

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa. Lakini ndiyo nimwage mengine kwa mkono wangu, mbele ya kijiji, mbele ya wakwe?

Yustina aliuliza kama kazi imetoka vizuri. Nikasema vizuri sana. Akauliza mbona sura yako hivyo. Nikasema uchovu. Akanishika mkono, akasema anajua mjomba atanisamehe, kwa sababu nimekubali kusema kweli. Niliona aibu mpaka kwenye nywele.

Sikumwambia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nyandira. Naandika nimekaa kwenye gogo nyuma ya kibanda cha video, daftari gotini. Jenereta limegoma, mwenye kibanda anasafisha plagi. Watu wamekwishajaa ndani. Nasikia watoto wanafanya ko-ko-ko, na mama mmoja anawakemea.

Misa ilikwisha mapema. Mjomba Laurenti alinichukua kanisani mwenyewe, akanipeleka kwake. Nikakuta mkeka, wazee, baba yake Yustina, Yustina mlangoni. Yule bibi asiye na meno alikuwepo, kanga mbili zilezile, akanishika kichwa nilipomwamkia. Kikaletwa chakula. Ugali, nyama, mboga, maji ya kunawa. Sahani moja. Nikawaambia karibuni. Mjomba akasema wao wamekwishakula, kula mwanangu, umetoka mbali.

Nikala. Wote wananitazama. Hakuna aliyecheka. Sikujua nitafune vipi, nifumbe mdomo namna gani. Tonge lilikuwa zito kama jiwe. Nilitaka kwenda taratibu nikajikuta naharakisha ili yaishe, na kila nikiinua uso nakutana na macho ya mjomba, si ya hasira, yanatazama tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikaisukuma sahani haijaisha.

Mjomba akamwambia mkewe aondoe vyombo. Akaniambia, "Nilijua hutamaliza."

Kaseti ninazo mbili. Moja mfuko wa kulia, moja wa kushoto. Tangu Msamvu nimezibadilisha mifuko nadhani mara kumi, na sikuandika kitu juu yake, lakini nazijua. Yenye sauti ina mkwaruzo pembeni. Nagusa mkwaruzo huu naandika kwa mkono mwingine.

Nikiweka ya kwaya, Yustina ni wangu leo hii. Mjomba atanyamaza. Nina hakika atanyamaza! Atanitazama tu kama alivyonitazama nikila, na nitakuwa mkwe wake kwa miaka yote, kila sikukuu, kila msiba, sahani mbele yangu.

Nikiweka ya mkwaruzo, wote watasikia. Yustina atasikia.

Jenereta limewaka. Watu wanapiga makofi. Mwenye kibanda ananiita fundi, fundi, leta kaseti.

Yustina katoka kunifuata. Anasema niharakishe, mjomba ananiuliza, kaniwekea kiti mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni, pale sauti inapotokea. Mwenye kibanda alitaka kumpa mjomba kiti hicho, mjomba kakataa. Kasema yeye siku ile alisikia vizuri, leo kiti hicho ni cha fundi. Nafunga daftari, kidole kiko kwenye mkwaruzo.