Mkono wa Mkamwana

Jumanne, 7 Julai 1981

Baba mkwe, Mzee Jilala, kaletwa kituo chetu cha afya asubuhi kwa baiskeli. Kaloa jasho, uso umepauka. Nikapiga goti, shikamoo baba. Marahaba — huku anatazama mlango. Anaumwa nini? Kiungulia tu, mama Limi. Nikampa dawa ya maji ya tumbo, nikampa kitanda apumzike.

Jumatano, 8 Julai

Mageni, mhudumu wetu wa wodi, kanivuta pembeni. Mzee kamwambia yeye ukweli: tangu juzi kifua kinabanwa, maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Sasa kwa nini alinificha? Mageni akanishangaa. Mkwe aanze kumweleza mkamwana habari za mwili wake?

Mganga wetu, Bwana Marcel, kampima. Ni moyo. Na mimi, nesi wa miaka tisa kazini, nilimpa dawa ya kiungulia! Kamchoma sindano ya petidini, maumivu yakatulia. Amri: alale, asiinuke hata kwenda kukojoa, mpaka tumfikishe hospitali ya wilaya. Na gari la kituo halina petroli! Bwana Marcel kadandia lori la pamba kwenda Kahama kuitafuta. Maumivu yakirudi, sindano nichome mimi.

Alhamisi, 9 Julai

Nikiingia tu, mzee anaketi! Hawezi kulala mbele ya mke wa mwanawe. Nimepiga goti, nimemsihi: lala, baba, utajiua. Ananiitikia vizuri kabisa, na anabaki kaketi vilevile, anatetemeka. Basi nikatoka. Kutwa nzima nimemuuguza kupitia dirishani, Mageni ananihesabia mapigo. Akifika hamsini anachanganya, anaanza upya. Ee Mungu wangu.

Jioni kifua kikabana tena. Kakataa sindano. Kamwambia Mageni afadhali afe kuliko mimi nimguse.

Nimelia stoo. Halafu hasira ikanipanda. Adabu gani hii ya kuua mtu? Gelasius yuko machimboni Geita, hajui lolote. Nitamwambia nini mume wangu — baba yako kafa, mimi nimepiga goti mlangoni?

Ijumaa, 10 Julai, saa nane mchana

Saa sita maumivu yamerudi, makali kuliko ya jana. Midomo imekuwa myeusi. Nimeingia moja kwa moja, goti sikupiga. Hakuketi. Hakuweza.

Nikamshika mkono. Akasema nitoke. Nikasema hapana, baba. Tangu niolewe sijawahi kumwambia hapana! Nikachoma. Akageuzia uso ukutani, machozi yanamtoka. Mimi pia.

Bwana Marcel na petroli bado. Mapigo yanaruka — mawili, kimya, moja, kimya. Naandika kwa mkono wa kulia, daftari juu ya paja. Wa kushoto umeshika mshipa wake.

Mageni kaja sasa hivi. Kasema niende nikale, atashika yeye. Nikataka kuinuka.

Mzee bado anatazama ukuta. Lakini kanibana vidole, haniachii.