Maji Yaliyokaa Juu ya Mlima

Mdogo wangu Agnesi,

Marahaba, kwa kuwa najua umeniamkia kabla ya kusoma. Mwanangu Neema amenileta kwenye Milima ya Mackenzie, kaskazini mwa Kanada, ambako anapima miamba. Hakuna nyumba wala barabara. Kuna mawe ya kijivu na misonobari isiyonifikia begani.

Jana aliniambia, "Mama, kule juu kumejaa maji."

Nikamsahihisha: "Maji hayakai juu. Mtoto wa Newala unasahauje hilo?"

Nikapanda ili nimwonyeshe, nikazama hadi magotini katika majani niliyodhani ni makavu. Neema alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, hayo uliyokanyaga ni nini?"

Kumbe chini ya udongo kuna barafu isiyoyeyuka hata wakati wa joto, hivyo maji hayana pa kushukia. Mchanga wetu huyanywa yote, nasi huyafuata bondeni.

Tangu hapo situlii. Maji haya hayana hata mtu wa kuyateka, nawe huko nyumbani Makote pampu imeharibika, unateremka bondeni na ndoo kwa goti lile bovu. Neema anataka nikae mpaka theluji ianguke. Nimekataa, Jumapili napanda ndege.

Mwambie jirani yako Baba Saidi akuletee madumu ya maji kwa pikipiki, wala usiseme hutaki kusumbua watu. Nikija nikakukuta bondeni, nitakugombeza mbele ya majirani, kisha ndoo nitaibeba mimi.

Dada yako akupendaye,
Mama Neema