Gari Litakalobeba Pikipiki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi. Mama naye umfikishie shikamoo yake, usiipunguze njiani. Huku sote hatujambo. Mchumba wako, yaani huyu mjukuu wako wa mwisho, ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kupigwa picha mpaka umhakikishie kwamba hutamwacha.

Habari kubwa ni kwamba tumenunua gari. Unajua tangu nifungue gereji nimekuwa nikizifuata pikipiki za wateja zilizozimika na kuzisukuma kwa mikono, na sasa mgongo umeanza kulalamika. Mkwe wako naye alitaka gari la kila siku, la kupeleka watoto shule, la sokoni, na la kumfikisha kazini kwake wodini bila tope kwenye viatu vyake vyeupe. Tukakubaliana kutafuta kigari kimoja kidogo cha kufanya yote. Kukubaliana ndiko kulikokuwa rahisi.

Mimi nilipenda pikapu. Mkwe wako akaitazama, akahesabu viti viwili, akaniuliza kama watoto watatu nitawafunga kamba huko nyuma pamoja na pikipiki au nitawatia mfukoni. Nikapendekeza gari la kawaida lenye kuvuta tela. Akasema hata bila tela, kurudi nyuma bado kunamtoa jasho. Basi tukaishia kwenye vile vigari vilivyoinuka kwenda juu, vyenye milango ya kuteleza ubavuni na viti vya nyuma vinavyokunjwa.

Mimi futi siiamini, napima kwa kamba. Nilifunga mafundo matatu ya vipimo vya pikipiki: la urefu, la upana wa usukani, na la kimo. Gari la kwanza lilikubali urefu, likakataa usukani. La pili lilikubali yote, nikampa muuzaji mkono kabisa, kumbe kimo nilikipima ndani ya gari wala si mlangoni, na mlango wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko dari. Fundi wa miaka kumi na tisa kazini, Baba, nimesahau kwamba mzigo hupita mlangoni kwanza. Mkwe wako alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. La tatu ndilo tulilochukua. Ni jeupe, limekwaruzwa ubavu mmoja, na injini yake imetulia kama mtu aliyeshiba. Ukikunja viti vya nyuma, pikipiki inapanda kwa ubao, inafungwa mikanda minne, na kiti cha abiria cha mbele kinabaki wazi. Kiti hicho nilikishupalia mpaka muuzaji akanichoka.

Tuliporudi, mkwe wako aliichukua ile kamba, akaingia nayo gereji, akazipima pikipiki za wateja moja baada ya nyingine. Hakuna iliyolingana na mafundo yangu. Akaenda kona ya nyuma, akafunua turubai, akaipima ya kwako. Mafundo yote matatu yakakaa mahali pake. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, pikipiki inayosubiri kabureta mwaka mzima inapimiwa safari ya wapi.

Baba, kabureta ilifika siku ya nne. Pikipiki yako ni nzima tangu mwaka jana, na kila Jumapili asubuhi naiwasha na kuisikiliza. Kila ulipopiga simu kuuliza nikakujibu bado, nilikuwa nakudanganya. Siku ile ulipoileta, ulipokuwa unashuka ilikulemea ikaanguka, nawe ukacheka ukasema sakafu yangu inateleza. Sakafu ilikuwa kavu. Niliogopa, na badala ya kukuambia kwamba naogopa, nikajificha nyuma ya kabureta. Hakuna aliyenituma. Mama hajui lolote.

Pengine ningeendelea hivyo hivyo. Lakini katika barua yako ya mwisho umeniambia niiuze kwa vipuri, nisizidi kuhangaika kwa ajili yako. Yaani ulikuwa unanionea huruma mimi. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Naomba unisamehe.

Jumamosi nakuja nayo. Kukukataza kuipanda si kazi yangu, na mwaka mzima nimejipa kazi hiyo bila ruhusa yako. Nenda nayo unakotaka. Ila siku goti likigoma, hata uwe mbali kiasi gani, usijikaze wala usione haya. Kaa pembeni ya barabara unipigie simu. Nitakuja kuwachukua nyote wawili, pikipiki nyuma, wewe mbele pamoja nami. Ndiyo maana nilisumbua wauza magari miezi miwili.

Watoto wanakuamkia. Mkwe wako anakusalimu sana, na ananisimamia hapa niandike kwamba katika uongo huu yeye hakuwemo. Breki nimezikagua mara mbili. Tangi nimelijaza.

Ni mimi mwanao,
Spana