Ulimi wa Fabiola

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa mlevi. Rasmi! Mbele ya shule nzima!

Semina ya pombe na dawa za kulevya imeanza. Madam Doris katoka Babati na projekta yake, umeme ukakatika, ikabidi aongee kwa mdomo. Afadhali. Anaongea vizuri. Alitaja dalili moja moja: mtu anaamka mkali mpaka apate kidogo, kichwa kinamuuma, mikono inatetemeka, anasinzia darasani. Mimi namsikiliza huku namtazama Fabiola, mdogo wangu, kule kwenye mabenchi ya Form One. Amelaza kichwa begani kwa mwenzake, mdomo wazi. Ana miaka kumi na mitatu tu. Asubuhi kabla ya chai ameonja pipa la mama. Kuonja! Kikombe kizima, halafu akarudia.

Ndipo Madam akauliza: nani amewahi kunywa pombe? Aseme kweli, hakuna atakayeadhibiwa.

Hakuna mkono hata mmoja. Bwalo zima watakatifu!

Na wala hawadanganyi, hapo ndipo damu inaponichemka. Hapa Nangwa pombe ni kitu cha chupa, cha dukani, cha watu wa Katesh wanaogombana stendi. Anachopika mama ni buura. Buura inanywewa kwenye mavuno, msibani, mtoto akizaliwa. Machicha yake tunakula asubuhi tukikosa muda wa kupika uji. Nani atasema amekunywa pombe? Amekunywa buura!

Madam akaanza kupiga makofi, eti shule safi, hajawahi kuona. Nikanyoosha mkono. Peke yangu. Violeth, ninayekaa naye dawati moja, akanivuta sketi: shusha, umechanganyikiwa? Sikushusha.

Jumanne, 5 Agosti

Jina jipya: Chupa. Wakubwa wa Form Four walikuwa wananingoja getini. Shikamoo, Chupa! Nikaitikia marahaba, wanangu, hamjambo. Wakanywea wenyewe.

Mwalimu Maximilian wa nidhamu kaniita ofisini. Nilidhani viboko. Bora vingekuwa viboko! Anachekelea kabisa. Semina inafungwa Alhamisi ya wiki ijayo, wazazi watakuja, na wanahitaji ushuhuda wa mwanafunzi aliyekuwa anakunywa akaacha. Nikamwambia siwezi kuacha kitu ambacho sinywi, hata harufu yake inanichefua. Sasa mkono ulinyoosha wa nini? Nikasema nimewahi kunywa nikiwa mdogo, mwalimu, kama wote. Kama wote wapi, na wenzako wote wamesema hapana? Akanitazama kwa huruma. Huruma! Mtu huyu huyu anayekaa kwenye benchi letu nyumbani kila Jumapili baada ya Misa, anafuta povu kwenye masharubu na kumsifu mama kwa mkono mzuri.

Nikamuuliza: na wewe, mwalimu, umewahi kunywa pombe? Akajibu hajagusa tangu kipaimara. Na anaamini kabisa! Hata jicho halikupepesa.

Basi nikakubali kutoa ushuhuda. Atashika kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ameshasikia. Nani hajasikia? Kabla sijaweka begi chini: kumbe sisi ni walevi, Tekla? Nimekulea na kukusomesha kwa ulevi?

Nikamwambia sina neno na buura yake. Nina neno na ulimi wa Fabiola.

Mama ana vidonda vya tumbo. Tangu mwezi wa kwanza daktari amemkataza hata tone, na baba yuko Basotu kwenye kombaini za ngano, harudi mpaka msimu uishe. Lazima mtu aonje. Pipa likiwahi kutolewa ni maji matamu, likichelewa ni siki, na wateja wanahamia kwingine. Mimi nilijaribu, sikujua chochote. Fabiola alionja mara moja akasema, hiki kimea kilipata ukungu. Kweli kilikuwa na ukungu! Tangu siku ile amekuwa mtu mkubwa. Anajua ulezi wa Gitting na ulezi wa Mogitu kwa kuonja tu. Wazee wanasema bibi amerudi. Mama akipika, Fabiola anaonja alfajiri, anaonja akitoka shule, anaonja jioni.

Na mama anapika kila siku mbili, tatu.

Niliposema haya Fabiola alikuwa mlangoni. Akasema nina wivu. Akasema kila mwaka mimi nachukua zawadi za shule, yeye amepata kitu kimoja tu cha kunizidi, na hicho nakitaka pia. Iliniuma, kwa sababu kuna ukweli kidogo ndani yake.

Lakini kidogo tu! Wivu wangu haumtetemeshi mtu mikono.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu, hakuna shule. Leo nimegundua sheria ya ajabu kuliko zote.

Mzee Hhando, jirani wa juu, anavuna mahindi Jumamosi ya wiki ijayo. Amealika watu na buura ya wavunaji inatoka kwetu. Kaja na fimbo yake kuona kama mama bado anapika vizuri. Tukamwamkia, akakaa, mama akamwita Fabiola aonje pipa la leo.

Mimi nilikuwa nimewaza usiku kucha na nimepata jibu rahisi. Ateme! Aonje, azungushe mdomoni, ateme, asukutue. Ulimi unabaki wake, sifa zinabaki zake, tumboni haiingii. Nikamnong'oneza. Nikachukua kata mwenyewe ili nimwonyeshe. Nikajaza mdomo, nikatema pembeni ya jiko. Pruu!

Mzee Hhando akasimama. Sijawahi kumwona anasimama haraka hivyo. Kuna nini? Kutema buura ni baraka! Mzee anajaza mdomo, anawarushia watoto, ng'ombe, shamba, anaomba mvua. Ni kazi ya wazee, tena waliozika baba zao. Msichana akitema anamwaga baraka za boma chini, anajifanya mzee.

Nikamuuliza, kwa heshima zote: na msichana akimeza?

Akimeza kuna ubaya gani? Ni chakula.

Kwa hiyo mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu anaruhusiwa kulewa. Kutema ndiyo haruhusiwi! Nilitaka kucheka, nikaona uso wa mama, nikaacha. Mama akamwomba mzee msamaha mara nyingi. Fabiola akameza, akafikiri, akasema bado, mpaka kesho mchana. Mzee akacheka, akasema huyu ataolewa na mjukuu wangu. Fabiola akaongeza nusu kata. Ya uhakika, alisema.

Nimekatazwa kuingia jikoni. Safi. Na mimi sichoti maji ya kupikia buura tena. Tuone.

Jumanne, 12 Agosti

Mama anachota maji mwenyewe, hasemi nami. Fabiola amefukuzwa darasani kwa kusinzia. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Leo hakuna pipa. Alikuwa anakomba kwa mkono machicha tunayowawekea nguruwe.

Nilimwona. Aliona nimemwona. Akasema ukimwambia mama nakuua.

Sijamwambia mama. Ningemwambia nini? Kwa mama hayo ni machicha tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Niandike kabla sijasahau!

Bwalo limejaa wazazi. Mama kavaa kitenge cha Pasaka, kakaa nyuma kabisa na uso wa msiba. Mzee Hhando mbele. Mwalimu Maximilian akashika maiki, akasema sasa tumsikie binti jasiri aliyeshinda pombe. Makofi. Kuna sauti ikasema Chupa!

Nikasalimia wakubwa, shikamooni. Nikasema nina swali moja kabla ya ushuhuda. Wiki iliyopita tuliulizwa nani amewahi kunywa pombe, hakupatikana mtu ila mimi. Leo nauliza hivi: nani hapa amewahi kunywa buura?

Wakacheka. Swali gani hilo! Mikono ikapanda. Form One, Form Two, wote. Wazazi wakanyoosha huku wanasukumana mabega. Mzee Hhando akainua fimbo. Mwalimu Maximilian mkono ulishafika sikioni ndipo akaukumbuka, akajikuna nywele. Nilimwona! Wote wa mbele walimwona!

Fabiola ndiye alinyoosha wa kwanza. Juu kabisa, anatabasamu, kama mtu anayejua jibu.

Madam Doris hakucheka. Akauliza taratibu, samahani, buura ni nini? Kicheko kikaisha chenyewe, mkono mmoja mmoja ukashuka. Nikasema: ni pombe, Madam. Ina ulevi kama ile ya chupa, na sisi tunaipa watoto asubuhi kwa sababu ina jina lingine. Mdogo wangu anakunywa kila siku na kila mtu anamsifu.

Mwalimu akaninyang'anya maiki. Nikamalizia bila maiki. Nina sauti, asante Mungu.

Fabiola alikuwa analia. Sikumtaja jina lakini Nangwa nzima inajua mdogo wangu ni nani. Hilo sikulipima vizuri. Nalia na mimi sasa. Lakini ningelisema tena.

Baadaye Madam Doris alikaa na mama nje, muda mrefu. Nilisikia kidogo: asiachwe peke yake akianza kuacha, akitetemeka sana au akitapika mpeleke kituo cha afya, usimfiche. Mama anaitikia ndiyo, ndiyo, anachorachora chini kwa kidole cha mguu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimesimamishwa shule wiki moja. Kosa: kudhalilisha walimu na mila. Violeth ameniletea madaftari yake ninakili. Kasema Form Four wameacha kuniita Chupa, hawajui sasa waniite nani. Waniite Tekla!

Fabiola amenigeuzia mgongo tangu jana. Mama amewasha moto kama kawaida. Kesho ni mavuno ya Mzee Hhando.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi mzee alifika mwenyewe na wavunaji wake, na punda wa kubebea. Hakunitazama. Mama alisimama karibu na pipa na kata mkononi, anamtazama Fabiola, anaitazama kata. Nilidhani hatampa. Kisha mzee akakohoa na mama akampa.

Fabiola akajaza mdomo. Akafumba macho kama anavyofanya siku zote. Akazungusha. Wote wanamngoja, hata wavunaji, maana wanamwamini. Akafumbua macho, akamtazama mzee. Wala si mimi! Akatema. Mbele ya miguu ya mzee, kwenye vumbi, yote.

Akasema: imeiva, babu. Tena ni nzuri.

Jamani! Nilipiga kelele kama niko mpirani. Mzee Hhando alisema pipa hilo hakuna mtu wake atakayeligusa. Akaondoka na punda mtupu. Wavunaji wakabaki wanatazamana, wengine wakamfuata, wengine wakarudi kwenye pipa na vikombe vyao. Mama akachukua kitambaa akamfuta Fabiola kidevu.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho. Nilifikiri tumeshinda!

Sasa ni alasiri. Mchana nilimletea Fabiola uji, akautapika. Anatoka jasho na hakuna jua. Alinishika mkono na kusema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, Tekla, nimetema, umeona, si nimetema? Basi nipe kidogo. Kidogo tu, nusu kata, kichwa kitulie.

Nikamwambia hapana. Akaniita dada. Huwa haniiti dada! Nikasema hapana. Akanitukana kwa Kiiraqw maneno ambayo sikujua anayajua.

Nimefunga jiko kwa kufuli na nimekaa chini, mgongo kwenye mlango. Yeye yuko mbele yangu, amechuchumaa, amekumbatia magoti. Meno yanagongana. Hanitazami mimi, anatazama kufuli. Nimeandika hivi ili mikono yangu iwe na kazi.

Mama kaenda kumwita mwenye bodaboda atupeleke kituo cha afya. Nasikia pikipiki barabarani lakini sijui kama ni yetu. Mzee Hhando naye anashuka njiani na wazee wengine, naona fimbo zao; bila shaka ni kwa ile baraka iliyomwagwa.

Fabiola amesimama. Anasema sogea.

Sisogei.